Maziwa ya Jioni

Machi ilipaswa kuondoka kwa adabu,
inyweshe mbegu kidogo, ifunge mlango polepole.
Badala yake ilirudi Jumanne saa tisa
imebeba upepo wa Mau mabegani
ikatutwanga mawe kama watu walioila deni.

Sisi wa Turi baridi tunaijua.
Ya Julai ina siku zake, ina makoti yake.
Hii haikubisha hodi.

Tapkigen alikuwa ametoka kupalilia viazi,
majani ya vidole vinne tu, na kiburi tayari.
Nilimwona kibarazani akisikiliza:
bati, bati, ndoo, bati,
kisha hapakuwa na cha kuhesabu,
kelele moja tu, nyeupe.

Ilipokoma, shamba lilikuwa kama unga
uliomwagwa na mtu mwenye hasira.
Mashina yamelala kifudifudi.
Harufu ya majani yaliyopondwa ikapanda hadi kwangu,
ile ya jikoni mboga zinapokatwa,
nikaona aibu kuhisi njaa.

Kiprugut alikuwa anakula barafu kwenye kofia.
"Tamu?"
"Ina mchanga."

Ndipo habari ikaja: lori la maziwa limezama
matope hadi ekseli, chini ya daraja la reli.
Halitoki leo.
Na lita arobaini za jioni zimo kwenye mikebe,
bado zina joto la ng'ombe.

Hakulia. Hakumtaja Mungu wala serikali.
Aliingia ndani akatoka na beleshi
na koti la marehemu baba yake, la reli,
vifungo vya shaba, mikono inamfunika vidole.
Akazoa mawe yale yale
yaliyomvunjia shamba,
akajaza hori, akaizamisha mikebe hadi shingoni,
akaifunika kwa magunia matupu ya mbegu.

Usiku kucha niliona taa yake ikienda horini,
ikirudi, ikienda.
Ndama alilala jikoni, akikohoa kama mgeni.

Asubuhi trekta ikalivuta lori.
Dereva akafungua kifuniko, akanusa,
akangoja uchachu.
Akanusa tena.
Akaandika arobaini kwenye kitabu chake chenye tope
bila kuuliza lolote.

Kuhusu viazi, usiniulize bado.
Alifukua kimoja kwa kidole,
akakitazama,
akakifukia.