Kura ya Makombe

Kazi yangu ni kuhesabu vichwa: thelathini na mmoja,
toka kituo cha basi hadi barabara yenye miti,
Tel Aviv, saa nne, jua halina adabu.

Mbele, Tirtsa na kipaza sauti kinachokoroma.
"Hapa palikuwa mchanga mtupu," anasema.
"Familia zikapiga kura kwa makombe:
jeupe, jina; la kijivu, kiwanja.
Asiwepo wa kwanza, asiwepo wa mwisho.
Ndoto ndiyo hiyo: mikono yetu, jembe letu,
lugha iliyoamshwa usingizini."

Anagawa makombe. Kalamu zinapita.
Avtamu anauliza: babu yake, aliyekuja kwa miguu
kupitia Sudani, Yerusalemu mdomoni,
kombe lake lilikuwa lipi?
Tirtsa anapekua karatasi. Hamna.

Kisha Suhad wa Lod, ambaye mwaka mzima
hajanyoosha mkono darasani:
"Mtupu? Mama yake bibi alizaliwa dakika ishirini toka hapa."
Hakupaza sauti.
Kipaza ndicho kilichonyamaza.

Mwalimu mzuri angesema neno.
Mimi nilihesabu vichwa tena.

Tukala sambusa za jibini ukingoni mwa bustani,
Lior akilalamika kiatu kinambana,
Avtamu akimpa Suhad kalamu bila kumtazama.
Akaandika jina, si lake,
kwa herufi zinazoanzia kulia kama zetu,
nami siwezi kuzisoma.

Basini: thelathini na mmoja.
Kombe moja limebaki kitini, halina jina.
Nimelitia mfukoni.
Kila nikikaa, linanichoma paja.