Hatua Nne

Daftari la wageni limerithiwa kutoka zahanati fulani,
safu zake hazijabadilishwa: Jina. Utokako.
Uhusiano na mgonjwa.
Nikajaza mbili, ya tatu nikairuka,
nikalipa elfu tatu, nikapewa risiti na ndizi mbivu.
"Usimpe mkononi," akasema Aikaeli. "Anauma watu wazima tu."

Huku juu Kibosho ukungu hauna haraka.
Mfereji unapita chini ya uzio bila kiingilio.
Yupo mondo aliyeng'olewa meno ili apigwe picha na maharusi;
yupo kasuku aliyesomea matusi Majengo,
kila mchungaji akija kuombea mahali hapa
anatajiwa mama yake;
yupo kobe mwenye tundu pembeni mwa gamba,
waya ulipopita.

Banda la mwisho ni la Meneja.

Jina tulimpa sisi. Tumbili wa kilabu cha baba, Kiboriloni,
mnyororo kiunoni, nguzo kati ya pipa la mbege na mlango wa choo.
Walimnywesha kwa kata. Akilewa walimvalisha tai ya shule,
tai yangu,
wakamdai chenji, wakamwuliza lini atawapandishia mishahara,
na kilabu kizima kikacheka hadi mabenchi yakalalamika.
Nilikuwa na miaka tisa. Kazi yangu ilikuwa kuokota sarafu
walizomrushia acheze,
na nilikuwa hodari: nilizijua kwa mlio
hata zikiangukia kwenye machicha.
Sanduku la bati la bweni, godoro, ada ya kidato cha kwanza:
baba alisema ni kahawa.
Kahawa mwaka ule haikujaza hata debe mbili.

Sasa ana uwanja mzima, na msesewe katikati.
Gome lake ndilo tulilokuwa tukitia kwenye pombe iwe chungu;
nadhani yeye haujui kama mti,
anaujua kama harufu ya wanaume.
Hajaupanda. Yuko chini,
hatua nne, anageuka,
hatua nne, anageuka,
na nyasi zimekufa kwa kipimo cha mnyororo
uliokatwa miaka mitatu iliyopita
na kutupwa kwenye gari la vyuma chakavu.
"Juzi nilihesabu tano," Aikaeli anasema,
anagonga ufagio ukutani. "Labda nilikosea."

Mama alinifungia sale asubuhi.
Alilichuma mpakani mwa kihamba, lilipo kaburi la baba,
akalipiga fundo, hakusema la nani.
Sale lenye fundo halikataliwi; wazee wetu
walisameheana damu kwa jani hili hili.
Lakini hakuna aliyewahi kutufundisha
unasemaje ukilipeleka kwa asiye na ukoo.
Nikalipenyeza kwenye waya, kimya,
kama mtu anayelipa deni dukani wateja wengine wakiwapo.

Alikuja. Alilinusa kwanza, akaninusa na mimi kwa mbali.
Kisha akaketi, akalishika fundo kwa vidole vile vyeusi
vilivyohangaika na kufuli miaka kumi na miwili,
akalifungua. Polepole,
ukucha kwa ukucha, bila kulichana.
Akalinyoosha jani juu ya paja lake, akatafuna ncha,
ikawa chungu au vipi, akaliacha,
akarudi kwenye duara lake.

Getini nilimpigia mama, nikamweleza:
alipokea, akafungua fundo, akaliweka chini.
Hiyo ni ndiyo, au ni hapana?
Mama akanyamaza hadi nikadhani salio limekwisha.
Nikasikia akifunika sufuria.
"Huko juu mvua imeanza?" akauliza.
Aikaeli alikuwa anakuja mbio, daftari ndani ya koti,
kalamu mdomoni, kidole kikinionyesha ile safu.
Nikamwambia mama imeanza.