Upande wa Pili, Wimbo wa Tatu

Daktari Mzungu wa KCMC alipofunga mizigo
hakuwa na fedha ya kumlipa shangazi Apaikunda
mapazia sita aliyoyapinda kwa mkono.
Akampa gramafoni yenye mguu uliovunjika
na santuri moja.
"Hii," alisema, "mke wangu haipendi."

Kwenye jalada wanaume wanne
wamepaka wanja, na mashavuni kitu kinachong'aa
kama magamba ya perege.
Suruali zimebana juu, chini zimefunguka,
na viatu, jamani, viatu!
Soli nene kama kitabu cha nyimbo za kanisani.

Mwaka huo tulipanga foleni ya unga wa njano.
Sukari tuliionja kwa kuitaja.
Na hapo Kiborloni, nyuma ya cherehani,
watu wanne tusiowajua
walikuwa wanacheka kwa magitaa.

Nikuelezeje ule mlio?
Ngoma zilishuka kama watoto wanaoruka ngazi za shule
miguu yote miwili, du! du!
Kisha makofi. Kisha saksafoni ikapita katikati
kama mlevi aliyeingia arusini bila kadi
akapewa kiti cha mbele.
Gitaa halikulia, lilijiliza,
kama mtoto anayekuchungulia kati ya vidole
aone kama machozi yake yamenunuliwa.
Na mwimbaji, hata wimbo wa kuachwa
aliuimba kama mtu aliyeachwa
na chenji ya mwenzake mfukoni.

Hatukuelewa hata neno.
Shangazi alisema yeye anaelewa.
"Hawa wanatania. Ila utani wao
wameufanyia mazoezi."
Miaka kumi na tisa aliimba sauti ya pili
kwaya ya usharika. Alijua anachosifia.

Ndelilio, fundi viatu wa kibanda cha jirani,
alikata tairi la Leilandi, tabaka nne,
akazibandika chini ya viatu vyake vya Pasaka.
Raizoni za kwanza mtaani petu:
alizipeleka kwenye mizani ya kahawa,
kilo mbili na robo.
Shangazi akakusanya karatasi za fedha za pakiti za sigara,
akazishonea kwenye kola ya bugaluu lake
(ndiyo, shangazi alivaa bugaluu,
usiku, mlango umefungwa).

Mjumbe wa nyumba kumi akaja kuuliza kelele za nini.
Akasimama kizingitini, mkono kiunoni,
upande mzima wa kwanza.
Alipoondoka aliulizia bei ya soli.

Halafu usiku ule.
Upande wa pili, wimbo wa tatu,
panapoanza makofi, shangazi aliruka.
Aliposhuka na zile raizoni za kuazima
meza nayo ikaruka,
sindano ikachora mstari mpaka karibu na kitovu cha santuri.
Tangu hapo mwimbaji akifika pale hukwama,
"hee, hee, hee,"
mpaka mtu apige mguu sakafuni.

Tumemzika juzi, kihambani, kati ya migomba.
Mlima ulikuwa umejifunika,
kawaida yake ukijua kuna wageni.
Jioni mabinti wa Dar wakiosha masufuria
mtu (simtaji) akaifuta gramafoni vumbi.
Wimbo wa kwanza, wa pili. Wazee wakakohoa.
Mchungaji akaitazama chai yake.
Wa tatu ukafika pale.

Hee, hee, hee.

Kanga nyeusi, masuti ya kuazima, sebule nzima,
na hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza
kupiga mguu msibani.
Hee, hee.
Ndelilio, miaka themanini na moja,
magoti yake yote mawili yamekwisha,
alikuwa anaitafuta fimbo yake chini ya kochi,
na mimi nilikuwa nimeshavua kandambili
nikaona hapana, hazina sauti,
nikaingiza miguu katika viatu vya marehemu
vilivyokuwa bado mlangoni.