Mara Ishirini na Nne

Symphorien Mulobe alisomea nuru.
Wenzake wa darasa waliifuata atomu, wakapotelea Ulaya;
yeye alirudi Lubumbashi na sanduku la lenzi
na taaluma ambayo mama yake, pale Kamalondo,
hakujua awaeleze vipi majirani.
"Anapunguza karatasi," alisema.
"Anapunguza karatasi, na wanamlipa."

Alizipunguza kweli.
Rejista za kampuni ya mgodi, ghorofa nzima,
zenye kutu ya pini na mavi ya mende,
zilipita chini ya kamera yake ukurasa kwa ukurasa,
ndogo mara ishirini na nne,
hadi miaka sitini ya mishahara
ikaenea kwenye kabati moja la chuma.

Mimi nilikuwa mwosha filamu.
Alinifundisha kwamba picha ni chembe za fedha
zilizokubali kukaa mahali pake,
na kwamba dawa ile ile iliyozituliza,
isiposuuzwa ikaisha,
itaamka baada ya miaka ishirini
na kuila picha kimya kimya.
"Suuza. Ukidhani umemaliza, suuza."
Katika mji wa shaba
sisi wawili tulilinda fedha
isiyonunua hata bukari.

Sifa hakunipa. Alipima weusi wa utepe,
akaandika daftarini: moja nukta moja, moja nukta mbili.
Siku moja tu, ameuinua dirishani, alisema:
"Huu utasomwa na watu
ambao hawatajua kama tulikula."

Maana kula kulikuja kuwa kazi.
Tanuri lilizimwa. Mshahara ulikawia miezi saba,
kisha kumi na mmoja, kisha tukaacha kuhesabu.
Wakaja vijana na kompyuta.
Mulobe aliwauliza swali moja: umeme ukikatika?
Wakacheka.
Umeme ukakatika.

Halafu ile harufu. Siki.
Makopo ya kale, ya kabla yake,
utepe umejikunja ndani, unanuka kama kachumbari.
Alinakili usiku na mchana, kitambaa puani.
Tepe mia mbili na kumi hazikunakilika;
tulizizika nyuma ya karakana,
naye akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa
mpaka giza lilipoingia.

Feza Mukalay alikuja mwezi wa sita, wakati wa baridi,
mjane, kutoka Kampemba.
Mulobe aliposikia jina lile alitabasamu,
na mimi peke yangu nilijua kwa nini.
Ofisini walimwambia mume wake hakuwahi kuwapo.
Umeme haukuwapo pia.
Basi Mulobe akatoa kioo chake cha kunyolea,
akakitegea jua la saa tano,
akashika utepe kati ya kioo na lenzi,
na ukutani, juu ya rangi inayobanduka,
ikaja kadi:
tanuri la pili, mke mmoja, watoto watatu,
na chini, mahali pa sahihi,
dole gumba.

Kubwa kuliko kichwa cha mtu.
Mistari yake kama matuta ya viazi.

Mama Feza hakuisoma namba.
Alisogea aguse; kivuli chake kikafuta picha.
Akarudi nyuma, ikarudi.
"Njo ye," alisema. "Ona pale. Alijikataka na kisu,
siku ya ubatizo ya mutoto."
Na kweli, mstari mmoja ulikatiza yote mshazari.

Jua lilikuwa linasogea. Picha ilianza kupanda darini,
Mulobe akakigeuza kioo kidogo, akaishusha,
tena, na tena,
mkono wake wa kizee ukitetemeka
na dole la mtu yule likitetemeka nao.

Pensheni bado. Ukuta haupigwi muhuri.
Mama Feza amepeleka barua ya nne.

Ufunguo wa kabati ninao mimi sasa.
Masika napima unyevu kila asubuhi,
nafungua makopo, nanusa.
Majirani wakiuliza kazi yangu,
nasema nasuuza.