Hasi Moja

Saa nane usiku, Kijitonyama, ghorofa ya tatu.
Jenereta la jirani limeshika zamu
tangu umeme ulipokatika saa nne.
Niko na seva moja tu,
na soketi mia mbili na kumi na moja ziko wazi,
kila moja na zahanati yake upande wa pili wa jiji.

Mbagala inatuma mapafu ya mtoto.
Chanika inatuma nyonga ya bibi aliyeteleza bafuni.
Bunju imetuma nusu ya fuvu, ikanyamaza.
Mvua huko, nadhani, au bando limekwisha.
Picha hazifiki kama barua. Zinafika vipande vipande,
baiti elfu moja mia nne na sitini, tena hizo hizo,
kama mchele unaopimwa kwa kopo.

Programu ya kwanza niliiandika kijinga.
Ilisimama mlangoni kwa Bunju ikasema: nasubiri.
Ikasubiri.
Mbagala na Temeke zikabisha hodi mpaka mikono ikachoka.
Nikazaa nyuzi, kila soketi na uzi wake;
zilipopita mia zikaanza kukanyagana,
kumbukumbu ikajaa, mashine ikazimia.

Kibwana akaja na chai ya rangi ndani ya chupa ya maji,
akaisoma C yangu bila kuketi.
"Mwanamvua, umewahi kumwona muuguzi wa zamu
akikaa kitanda kimoja mpaka mgonjwa apone?"
Akafuta kurasa tatu. Akaandika orodha moja,
kitanzi kimoja, ombi moja kwa kiini cha mfumo:
nalala hapa, niamshe yeyote akiwa na neno.
Na juu yake, kati ya mkwaju na nyota,

/* anayewasubiri wote hamsubiri yeyote */

nikacheka, nikamwambia hayo ni maneno ya kwenye khanga.

Ndivyo ilivyo hadi leo. Programu inalala
usingizi wa paka wa buchani:
jicho limefumba, sikio liko kwenye kisu.
Temeke ikitikisika inaamka, inapokea kilichopo,
haidai zaidi, inarudi kulala.

Juzi lakini feni zilianza kupiga kelele.
Prosesa asilimia mia, na hakuna picha inayoingia.
Nikachungulia. Nafasi ya arobaini na saba, Kimbiji:
wenzetu walishafunga upande wao.
Kila nikisoma napewa sifuri.
Na sifuri si kimya. Kimya ni "bado".
Sifuri ni "nimekwenda".
Nami sikuwa nimeiondoa kwenye orodha,
basi mfumo unaniamsha: kuna jambo. Naenda, hakuna.
Unaniamsha. Hakuna. Mara maelfu kwa sekunde,
naitwa mlangoni na mlango wenyewe.

Hili pia alinifundisha, kabla ya ajali ya Machi.
Usiipangue orodha nzima kwa ajili ya mmoja.
Palipokuwa na namba yake, andika hasi moja.
Mfumo ukifika hapo utaruka.
Nafasi itabaki pale pale,
ila hakuna atakayeisubiri.

Nikaandika. Feni zikashusha pumzi.
Mstari mmoja, na nilikaa saa nzima nikiutazama.

Usiku huu Bunju imerudi, fuvu limetimia,
halina ufa, namshukuru Mungu kwa mtu nisiyemjua.
Kwenye kiti cha Kibwana mtu ametundika koti la mvua.
Simu yangu iko mezani, kioo juu.
Saa nane na robo alikuwa akiandika: "Umekula?"
Kila usiku, hata usiku ambao tumenuniana.
Namba yake ipo. Sijui hasi moja
inaandikwa wapi kwenye simu.

Nimeigeuza kifudifudi.
Halafu nikaigeuza tena.

Tegeta inabisha hodi. Kifua, mtu mzima.
Baiti za kwanza hizi hapa.