Umetengenezwa kwa Nini

Mimi seremala, Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani.
Mbao nazijua kwa harufu:
msaji wa Longuza, mninga, mvule uliokaushwa mwaka mzima.
Sasa, randa ikipumzika, najifunza pia "hout",
kwa kuwa Mwanamvua yuko Rotterdam, wodi ya wazee,
na mtihani wangu ni mwezi wa tano.

Mwalimu Semhando anaandika kwa chaki iliyolowa jasho:
"een houten deur".
Chukua jina la kitu, anasema, lipachike mkia.
"Hout", "houten". "Goud", "gouden".
"Wol", "wollen" (darasa zima, mashati yamegandamana mgongoni,
likacheka hilo la sufu).
Halafu basi. Mkia ukishapigiliwa hauongezwi, haung'olewi.
Mlango, nyumba, meza kumi: "houten", "houten", "houten".

Mimi niliyekulia na mlango wa mti, kiti cha mti,
meza ya, jeneza la, vinu vya,
kila kitu na bawaba yake ya kukitosha,
nikaona uvivu. Hawa wenzetu wana bawaba moja tu?

Kumbe kuna sheria ya pili: baada ya "ni", mkia haukai.
"De deur is houten": kosa, wino mwekundu.
Sema "de deur is van hout".
Mlango ni wa mti.
Nikaweka kalamu chini.
Hiyo "van" ni "wa" yetu, imevaa koti la baridi.

Nikauliza kamba ya katani.
Baba alikata mkonge Pongwe, kidole kimoja kikabaki huko;
nilitaka katani yake ipate mkia kama dhahabu.
Mwalimu akapekua kamusi, akapekua tena.
"Sisal" haina mkia. Kama "plastic". Kama "nylon".
Hujibandika kwenye kamba, likawa neno moja: "sisaltouw".
Sawa. Mkonge hata ng'ambo hauinami.

Usiku, simu.
"Niambie kitu," anasema Mwanamvua.
Nikajikaza: "Ik ben van Tanga."
Kimya. Nyuma yake mashine ya mgonjwa inalia, pi, pi.
"Hapo ni uit, mume wangu. Unatoka Tanga.
Ulivyosema wewe, ni kama umetengenezwa kwa Tanga."

Vumbi la msaji limenijaa nyusi, gundi imekauka vidoleni.
Sikusahihisha.