Balansi

Dukani kwa Egesa, hapa Busia, upande wetu wa mpaka,
nilichukua nusu mche wa sabuni, chumvi na kiberiti,
nikatoa noti ya elfu tano.
Akapekua droo. Akapekua mfuko wa shati.
"Balansi yako njoo kesho, Ajambo."
Akararua ubavu wa boksi la sigara, akaandika
jina langu, na chini yake: mia saba.

Neno hili si la kwetu.
Lilivuka bila kitambulisho, bila muhuri,
na tangu lifike halijakosa kibarua.

Bwire, ambaye miguu yake ililala angali mtoto,
huvusha mafuta ya kupikia kwa baiskeli ya magurudumu matatu.
Huwacheka vijana wa magurudumu mawili
wanaoyumba na kreti za soda hadi mtaroni:
"Nyinyi balansi mnaitafuta kwa viuno,
yangu mimi imechomelewa na fundi!"

Mwanangu karudi shuleni anakariri mlo wa balansi:
samaki, mboga, tunda, yai.
Anakariri huku anakula posho na maharage,
na maharage yenyewe ya kuhesabu.

Simu nayo, usiku, nikitaka kumtumia nauli
dada yangu wa Tororo: balansi yako haitoshi.
Sauti ya mtu aliyeshiba.

Kisha mama.
Aliamka asubuhi moja ukuta umemkimbia,
chai imetapakaa mkekani.
Nesi akamwinua, akamwachia, akamdaka.
"Amepoteza balansi."
Nami, Mungu anisamehe, nilimkumbuka Egesa,
nikataka kuuliza: iko kwa nani?
Niambieni tu, nitaifuata kesho.

Mama, ambaye neno hilo hakuwahi kulitia kinywani.
Aliyepanda kutoka kisimani, mtungi kichwani, mikono mitupu,
akigeuka kumwamkia kila mtu kwa jina lake,
akisimama hata kugombana, kidole juu,
na tone lisidondoke.

Wiki tatu.
Ijumaa karani wa hospitali alikitazama kitabu,
mimi hakunitazama.
"Kuna balansi. Laki tatu na elfu arobaini.
Mkimaliza, mtamchukua."
Bwire alitoa. Mwalimu wa mtoto alitoa.
Dada alikuja kwa nauli ya kukopa,
akatoa na ile ya kurudia.

Baada ya mazishi mweka hazina alisimama na daftari:
zilizoingia, zilizotoka, jeneza, sukari, turubai,
balansi shilingi elfu moja na mia mbili.
Watu wakapiga makofi.
Labda kwa kuwa haikuwa deni.

Leo nimekwenda kwa Egesa.
Kile kipande cha boksi bado kiko ukutani, kwenye msumari,
jina langu limeanza kufifia, mia saba haijafifia.
Kanihesabia mia sita. Kapekua droo. Kapekua shati.
Kaniwekea peremende mbili kiganjani, mahali pa mia.
"Tumemalizana?"

Nje malori yalikuwa yamesimama hadi kituo cha mafuta,
madereva wamelala chini ya matela.
Peremende moja nimeila njiani, ya tangawizi.
Nyingine iko hapa, pindoni mwa leso.
Egesa sikumjibu.